Mzinga Uko Fort Jesus, Lakini Ndege Zilizoisaka Meli Yake Zilienda Wapi? Hivi Ndivyo Ndege za Vita za Kitambo Hujengwa Upya

Kitu cha kwanza wasee wengi hufanya wakiingia Fort Jesus ni kutoa simu. Picha ya ukuta, picha ya bahari, picha umeegemea mzinga. Mizinga pale ni mob, na mingi ni ile minene mifupi ya kitambo sana, ya kushindiliwa baruti mdomoni. Lakini uko mmoja haufanani na hiyo mingine. Ni mrefu, mwembamba, na ukiuangalia vizuri unaona ni kitu cha kiwandani, si cha mhunzi. Huo ulitoka kwa manowari ya Wajerumani iliyoitwa Königsberg. Tundu lake ni sentimita 10.5, na meli ilikuwa na mizinga kumi ya aina hiyo.

Pia kuna mzinga wa HMS Pegasus, meli ya Waingereza ambayo Königsberg iliizamisha bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, asubuhi, Pegasus ikiwa imesimama inafanyiwa ripea. Yaani maadui wawili wameishia kupumzika kwa ngome moja, Mji wa Kale, wakipigwa selfie na watu hawajui beef yao ilikuwa nini.

Sasa swali la leo. Mizinga tuko nayo. Meli tunajua zilikozama. Lakini kwa hii stori kulikuwa na ndege pia, na bila ndege hizo Königsberg haingepatikana vile ilipatikana. Hizo ziko wapi? Jibu fupi: hakuna. Ziliungwa kwa mbao, kitambaa, waya na gundi, na joto letu la Pwani likazitafuna kabla hata vita kuisha. Ukitaka kuona moja leo, lazima mtu aijenge upya kutoka sifuri. Na hiyo ni kazi ambayo watu fulani duniani wanaifanya full time, tena kwa ukali wa ajabu.

Kwanza turudi nyuma kidogo, ndio ujue kwa nini ndege zilihitajika.

Baada ya kuizamisha Pegasus, Königsberg ilijificha ndani ya delta ya mto Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam. Ukijua mikoko ya Tudor ama Mtwapa, zidisha hiyo mara nyingi sana. Njia za maji zinaingiliana, miti imefunga, na kutoka baharini huoni kitu. Waingereza walijua meli iko mle ndani, lakini mahali gani hasa? Manowari zao kubwa hazingeweza kuingia kwa maji madogo. Walimtumia P. J. Pretorius, mwindaji kutoka Afrika Kusini, akiingia kichinichini na wenyeji kupima vina vya maji. Na wakaamua kujaribu kitu kipya kabisa wakati huo: kuangalia kutoka juu.

Ndege ya kwanza ililetwa na raia, si mwanajeshi. Dennis Cutler alikuwa rubani wa kutoka Durban, na ndege yake ilikuwa Curtiss ya kuelea, yaani mwili wake ulikuwa mashua kabisa ya mbao, na mabawa juu. Novemba 1914 aliruka, akaiona Königsberg. Lakini ndege ilikuwa na kesi, rejeta ilikufa. Wanaosimulia kisa hiki wanasema meli ilibidi itumwe Mombasa kutafuta nyingine, na ile iliyopatikana ilikuwa rejeta ya gari la Ford. Soma tena hiyo. Mtu alitoa rejeta kwa dinga hapa Mombasa, ikafungwa kwa ndege ya vita, na ndege ikaruka. Jua kali haikuanza juzi. Desemba hiyo hiyo injini ilimwangusha Cutler ndani ya delta, Wajerumani wakamshika.

Mapema 1915 jeshi la majini likaleta Sopwith mbili za kutua majini. Hizo ndizo zilizoonyesha joto la huku ni nini. Gundi ililegea. Maboya yaliyotengenezwa kwa baridi ya Uingereza yalianza kuachana na kuingiza maji. Injini ilipoteza nguvu kwa hewa moto, hadi ndege ikawa haiwezi kubeba rubani, mafuta ya kutosha na bomu kwa wakati mmoja. Wakaleta tena ndege za Short, zilizotumika kwa muda mrefu kidogo, na Aprili mmoja wa marubani, John Cull, akapiga picha za Königsberg kutoka juu. Lakini nazo zilikuwa zinapanda kwa shida.

Iliyofanya kazi vizuri zaidi ilikuwa Henri Farman F.27, iliyorushwa kutoka kisiwa cha Mafia. Sababu ni rahisi: fremu yake ilikuwa ya chuma. Tarehe 11 Julai 1915, Cull na mwenzake Arnold waliruka juu ya delta wakielekeza kwa redio mizinga ya meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, ambazo zilikuwa zinapiga kitu zisichokiona. Ndege yao ilipigwa. Ikiwa inashuka, injini imekufa, Arnold bado alikuwa anatuma marekebisho ya shabaha. Walitumbukia mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Königsberg ilimalizika siku hiyo, na Wajerumani wenyewe wakailipua isichukuliwe.

Hizo ndizo ndege. Sasa tuseme unataka kujenga moja leo, saizi yake kamili, na iwe sahihi. Unaanzia wapi?

Kwanza ujue si kila nakala ni nakala. Kuna zile za kusimama tu. Uingereza, ukipita nje ya kambi za jeshi la anga, utaona Spitfire ama Hurricane imesimama kwa nguzo. Nyingi kati ya hizo ni fiberglasi. Za kweli zilitolewa kwa mvua zikahifadhiwa, zikawekwa hizi za ukungu. Kwa mbali huwezi jua. Ukigonga ndio unasikia ni kama tangi la maji. Halafu kuna zile zinazoruka lakini ndani zimebadilishwa. Marekani kulijengwa Messerschmitt Me 262 mpya, ile jeti ya Wajerumani ya Vita vya Pili, na ya kwanza ikaruka Desemba 2002. Mwili ulinakiliwa kutoka kwa ndege halisi waliyokuwa nayo, lakini injini ndani ni za Marekani, za kisasa zaidi, zimefichwa ndani ya maganda yanayofanana na yale ya kitambo. Walifanya poa, kwa sababu injini za zamani zilikuwa zinaua marubani.

Kiwango cha mwisho ndicho kigumu. Unajenga kila kitu vile kilikuwa, kwa malighafi zile zile, hadi injini. Maarufu sana kwa hiyo kazi ni The Vintage Aviator, karakana ya Wellington, New Zealand, ya Peter Jackson, yule yule director wa The Lord of the Rings. Jamaa ana mapenzi mazito na ndege za Vita vya Kwanza. Karakana yake imejenga BE2, ndege ya Waingereza ya viti viwili, na kwa sababu injini zake hazipatikani dukani, wakatengeneza injini mpya wakifuata muundo wa asili. Na hapa kuna kitu cha kutuhusu: BE2c ni aina ile ile iliyotumiwa na Skwadroni ya 26, iliyoshuka meli hapa Mombasa mwisho wa Januari 1916, halafu ikapanda bara kwenda Mbuyuni, upande wa Taveta. Kwa hivyo ndege iliyowahi kupita bandari yetu, ukitaka kuiona ikiruka leo, nauli yako ni ya New Zealand.

Unaweza kuuliza, si ni kukopi tu? Shida ni kukopi nini. Chukua Fokker Dr.I, ile ndege nyekundu ya mabawa matatu ya Manfred von Richthofen. Kila mtu anaijua, iko kwa filamu, katuni, hadi kwa pizza. Hakuna hata moja ya asili iliyobaki duniani. Moja iliyokuwa makumbusho Berlin iliharibiwa Vita vya Pili. Kila moja unayoiona leo ni nakala, na waliozijenga walilazimika kukusanya vipande vya ushahidi kama polisi wa upelelezi.

Ushahidi wenyewe ni wa aina tatu hivi. Kuna michoro ya kiwanda, ukibahatika, na kiwanda nacho mara nyingi kilibadilisha vitu bila kuchora upya. Kuna vipande halisi: gurudumu, bawa lililovunjika kwa ghala la mtu, kibati cha namba. Na kuna picha. Picha ndiyo mchezo mtamu. Ukijua kipimo cha kitu kimoja tu kwenye picha, tuseme upana wa tairi, unaweza kupiga hesabu ya vingine vyote, mradi ujue kamera ilisimama pembe gani. Lakini picha pia hudanganya. Filamu nyingi za miaka hiyo hazikuona rangi vile macho yako yanaona. Nyekundu ilitoka kama nyeusi, bluu ikatoka nyeupe-nyeupe. Watu wamepigana miaka na miaka juu ya rangi ya ndege moja, kila mmoja ameshika picha ile ile.

Ukishamaliza ubishi, unaingia kwa mbao. Na hapa fundi wa jahazi hatapotea sana. Bawa la ndege ya 1915 lina mihimili mirefu inayopita kutoka mwanzo hadi ncha, na juu yake mbavu nyembamba zinazolipa umbo, kama mataruma yanavyolipa jahazi tumbo lake. Mbao lazima ziwe nyepesi na zisiwe na fundo, nyuzi zimenyooka. Fundo moja kwa mhimili ni kaburi. Halafu unatandika kitambaa cha kitani, unakishona kwa mkono kwenye kila mbavu, kishono baada ya kishono, na kila baada ya kishono unafunga fundo, ndio uzi ukikatika mahali pamoja kitambaa kisifumuke chote. Mwisho unapaka dawa inayokikaza hadi kinalia kama ngoma. Dawa hiyo inashika moto vibaya, na harufu yake inaleta kizunguzungu. Usijaribu kwa bedsitter.

Injini nayo ina vituko vyake. Kwa zile Sopwith, injini haikukaa kimya huku mhimili ukizunguka. Injini nzima ilizunguka pamoja na propela. Ilipakwa mafuta ya mbarika, ambayo yalitumika mara moja na kutupwa nje, moja kwa moja hadi usoni mwa rubani. Ni mafuta yale yale ya kuendesha tumbo. Maliza picha mwenyewe.

Lakini sehemu inayonikuna mimi ni hii ya gundi. Gundi za wakati huo zilitoka kwa ngozi na mifupa ya wanyama, ama kwa maziwa. Zikipata unyevu na joto, zinakuwa laini. Fundi wa leo ana gundi za kisasa ambazo zinaweza kukaa Mombasa miaka bila kujali. Ukijenga ile Sopwith ukatumia gundi ya kisasa, utapata ndege nzuri, salama, iliyonyooka, na itakuwa imekosea stori yote. Kwa sababu stori ya Sopwith hapa kwetu ni kwamba iliachana! Ukitumia gundi ya zamani, utakuwa umejenga kitu sahihi ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu atakubali kukirusha. Wajenzi wa nakala wanakutana na hili kila siku, na wengi huchagua usalama kwa kitu kinachoruka, usahihi kwa kitu kinachosimama. Naona ni haki. Mtu asife kwa sababu ya heshima ya gundi.

Na ile rejeta? Nakala ya Curtiss ya Cutler vile ilitoka kiwandani Marekani ingekuwa sahihi kwa Curtiss yoyote. Nakala ya ile ndege moja, iliyoruka huku, lazima iwe na rejeta ya Ford imefungwa, na mabano ya kuungaunga. Swali ni hili: unajenga ndege ya siku gani? Ya siku ilipotoka kiwandani, ama ya siku ile ilipofanya kitu cha kukumbukwa? Mimi niko upande wa siku ya pili, hata kama haina urembo.

Usidhani hii ni michezo ya wazungu wenye pesa peke yao. Pwani yetu imewahi kujenga nakala ya saizi kamili, tena ya kitu kigumu kuliko ndege: mtepe. Hiki ni chombo cha Waswahili kilichoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa mkeka. Mitepe ilipotea baharini karne iliyopita bila mtu kuhifadhi mmoja mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Zanzibar ilijengwa mtepe mpya wa ukubwa kamili na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Walikuwa na modeli ndogo za zamani, maandishi na picha, na mikono inayojua kamba na mbao. Kazi ni ile ile ya wale wa Wellington: unapima kidogo, unakuza, na mahali ushahidi unaisha unamuuliza fundi mzee, hapa ungefanyaje?

Halafu Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka, na watu wawili wakafa. Jengo lilikuwa limefungwa kwa wageni kwa sababu ya hali yake. Nyumba iliyoihifadhi nakala ndiyo ilikuwa inahitaji kuokolewa. Makumbusho zenye ndege za mbao zinajua hofu hiyo, kwa maana paa likivuja mahali pamoja, kitani kinaoza na mchwa wanaalikwa.

Sasa, kuna kitu kimoja lazima kisemwe kabla hujaanza kuota hanga pale Old Port. Nakala ya ndege inaonyesha viti viwili, na kwa hivyo inakufanya ufikiri vita vilikuwa vya watu wawili. Meli ilipozama, Wajerumani walizitoa mizinga yake yote kumi, wakaifunga magurudumu na kupigana nayo nchi kavu. Mzinga kama ule wa Fort Jesus haukutembea wenyewe. Ulivutwa na mamia ya Waafrika kwa kamba, kwenye matope na milima. Upande wa Waingereza, wabeba mizigo walikuwa wengi hadi jina la kikosi chao, Carrier Corps, likabaki kuwa mtaa: Kariokor, Nairobi, na Kariakoo, Dar. Uwanja wa ndege wa Mafia ulifyekwa na mikono ya watu. Hata BE2c zilipofika Mombasa, kuna waliobeba masanduku kutoka melini. Majina yao hayako kwa mchoro wowote wa kiwanda. Kwa hivyo kama kuna siku mtu atajenga ndege hiyo huku kwetu, nakala sahihi ni ile iliyo na kamba ya wabebaji pembeni, ya urefu kamili, uione inaishia wapi.

Ningepewa bajeti, nisingeanza na Farman ya chuma wala BE2 ambayo tayari iko New Zealand. Ningeanza na Curtiss ya Cutler. Sehemu ngumu ya ndege ile ni mwili, na mwili ni mashua. Mkuku, mbao za ubavu, kuziba nyufa zisipitishe maji: hiyo kazi haihitaji kuagizwa fundi kutoka nje, iko kwa watu ambao bado wanaishika tezo kati ya hapa na Lamu. Mabawa ni kushona, na mafundi cherehani wa Mji wa Kale hawajaisha. Haitaruka. Itaelea chini ya ukuta wa ngome, ule mzinga wa Königsberg ukiwa ndani. Cha kutafuta nje kitakuwa injini, na rejeta ya Ford ya miaka hiyo, ambayo kuna wakusanyaji wa magari ya zamani wanaoziuza hadi leo.